Tairi za Gorica

Kaka yangu Vitomir ni fundi wa tairi. Muulize mtu yeyote hapa Nova Varoš, Serbia, atakwambia kabla hujamaliza swali. Miaka thelathini na nane amepiga magoti mbele ya magari ya watu, na magoti yenyewe yamekwisha. Siku hizi anashuka kwa kushika bampa na anainuka kwa matusi. Karakana iko chini ya nyumba yake, kwenye barabara ya kupanda mlima Zlatar. Mimi dada yake mkubwa, Stamenka, nakaa nyumba ya pili, kwa hiyo hakuna tusi lake ambalo halijapita sikioni mwangu. Nasema haya mapema ili mjue namjua. Na mimi nina mdomo, najijua. Mdomo huo nao umo katika habari hii, na laiti usingekuwemo.

Novemba ndio mwezi wake. Theluji ya kwanza ikianguka tu, mji mzima unakumbuka kumbe una tairi. Wanajipanga foleni mpaka kwa muuza mbao, na Vitomir anawasuta mmoja mmoja.

"Wewe mwalimu, kusoma kote huko, kalenda hukufika?"

"Niache, fundi, nina baridi."

"Una baridi wewe, na tairi zako je? Angalia hizi, vipara kama kichwa cha padri!"

Wanacheka, wanakunywa kahawa yake, wanasubiri. Lakini mtu akija na tairi ambazo si saizi ya gari lake, hapo kicheko kinakwisha. Vitomir anamshika mkono, anamwinamisha, anamwonyesha maandishi ubavuni mwa tairi kama anamsomesha herufi. Namba ya kwanza ni upana. Ya pili ni kimo cha ubavu. Ya tatu ni rimu. Na ile ndogo ya mwisho, ambayo hakuna anayeisoma, ni alama ya uzito ambao tairi inaweza kubeba. Watu wengi wanadhani tairi pana ndiyo yenye nguvu. Kwenye lami kavu, haya, na iwe. Kwenye theluji ile pana inapanda juu na kuteleza, nyembamba ndiyo inayochimba ikashika. Hilo amelisema mara elfu, mpaka hata mimi nisiyejua kuendesha naweza kukuchagulia tairi. Mtu mmoja tu hakuwahi kumwambia, naye ni mwanawe.

Gorica ni mtoto wao wa pekee, yeye Vitomir na mkewe, marehemu Milunka. Aliolewa Slovenia, mji wa Maribor, na kijana mpole anayeitwa Primož. Wana watoto wawili. Milunka alipofariki ilikuwa Februari, na kwetu mtu anazikwa kesho yake. Gorica na mumewe walitoka alfajiri na watoto wao. Sasa huyu Primož vuli ile alikuwa amenunua tairi za mkononi pamoja na rimu zake, kwa sababu zilipendeza chini ya gari. Zilikuwa za baridi kama sheria inavyotaka, askari asingemkamata, lakini zilikuwa pana mno kwa gari lile na zimelika. Pale kwenye mpando wa Borova Glava gari likapanda nusu, likaanza kurudi kinyumenyume. Walikaa pale kwa muda wa saa tatu wakisubiri greda la kusukuma theluji. Na huku sisi tunasubiri makaburini, padri anaruka mguu mmoja mmoja kwa baridi, mpaka akasema haiwezekani tena. Tukazika.

Gorica alifika tumeshamwaga mvinyo juu ya udongo. Alikuwa na viatu vyembamba, analia huku anakimbia. Vitomir hakumtazama usoni. Alimpita, akaenda kwenye gari, akainama na kusoma ubavu wa tairi.

"Mia mbili thelathini na tano," akasema. Kisha akageuka, na watu wote wapo. "Binti wa fundi tairi! Mama yako umemkosa kwa ajili ya hizi. Sasa umekuja kumwona nani? Ungebaki huko huko."

Mimi mwenye mdomo, siku hiyo nilinyamaza. Gorica aliwasha mshumaa wake, akarudi garini. Nyumbani hakuingia. Na tangu siku ile, miaka mitatu, hakukanyaga Nova Varoš.

Msinielewe vibaya, kaka yangu si mtu wa moyo mbaya. Alijuta kabla hatujafika nyumbani. Lakini kujuta kwake kulikuwa kwa kimya, kama wanaume wengi wa huku. Mwaka wa pili, tulipokuwa tunatoka kumwekea Milunka maua, alisimama katikati ya njia akaniambia, "Dada, magari ya mji huu wote najua saizi zake. La mwanangu sikuwahi kuuliza." Akalia pale pale, mzee mzima, makaburini mchana. Nikamwambia basi, basi.

Mimi Gorica alinipigia kila Jumapili. Baba yake, hapana. Oktoba ya mwaka juzi, katika maongezi, akaniambia tairi zao za baridi zimechoka na wanatafuta nyingine. Nikalipeleka neno hilo karakana. Vitomir akaweka spana chini, akafuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja.

"Nipe simu yako," akasema.

Niliketi juu ya tairi kuukuu nikasikiliza kila kitu, maana alibonyeza spika na hajui kuizima.

"Haloo, shangazi?"

"Si shangazi. Ni mimi."

Nikasikia mtoto anaimba huko nyuma.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Gari liko wapi?"

"Chini, kwenye maegesho. Kwa nini?"

"Shuka ukanisomee tairi."

Jamani, alishuka. Tulisikia mlango, tukasikia ngazi, pumzi zake. Akasoma namba, Vitomir akasema hizo ni za kiangazi, fungua mlango wa dereva, kuna kibandiko pembeni, nisomee kile. Akasoma. Akamuuliza injini, akamuuliza breki za mbele zina ukubwa gani, akamtuma achukue kadi ya gari asome mstari huu na ule. Robo saa nzima waliongea, baba na mwana, baada ya miaka mitatu, na hakuna neno hata moja lisilokuwa la tairi.

"Baba," akasema Gorica mwishoni, "kwa nini unauliza yote haya?"

"Novemba inakuja."

"Ndiyo. Inakuja." Akangoja. Nilimsikia anangoja. "Kuna kitu kingine unataka kuniambia?"

Vitomir alitazama simu mkononi, kisha ukutani, kisha mimi.

"Upepo," akasema. "Angalia upepo kila wiki mbili. Baridi inaupunguza."

"Haya, Baba. Nitaangalia."

Jioni hiyo alikuja jikoni kwangu na penseli na kadi za bei za matairi. Upana alishauchagua: mia mbili na tano, ubavu hamsini na tano, rimu kumi na sita. Alitaka rimu ya kumi na tano, nyembamba zaidi, lakini breki zile haziingii. Hapo nikadhani kazi imekwisha. Wapi! Alikwama kwenye ile namba ndogo ya mwisho.

"Tisini na moja inatosha," akasema. "Kadi ya gari inasema inatosha."

"Basi andika tisini na moja tule."

"Inatosha kwenda. Na kurudi je?" Akaanza kuhesabu kwa penseli. "Paja moja la nguruwe la kukausha kwa moshi. Mawili, moja la wakwe. Kabichi ya kuchachusha, ndoo. Viazi gunia. Achari ya pilipili hoho, ile yako, chupa ishirini."

"Ishirini! Nani kakwambia nitatoa ishirini?"

"Kumi na tano basi. Jibini. Na cherehani ya mama yake, ile nzito ya chuma, aichukue, ni yake." Akapiga mstari. "Tisini na nne. Wakiwa wanne na mzigo wote huo, ni tisini na nne."

Nikamwangalia. Alikuwa anapakia gari ambalo halijafika, la mtoto ambaye hajasema anakuja. Moyo uliniuma, lakini niseme kweli, nilifurahi pia. Nilijua anawaza tarehe tisa Desemba, siku ya slava yetu. Wala halikunijia kichwani kumwambia: mpigie tena, mwambie aje. Na hapo ndipo mtakaponishangaa, kwa hiyo lazima niseme tulivyo.

Kila nyumba kwetu ina mtakatifu wake na siku yake, ndiyo slava. Ya kwetu ni ya Mtakatifu Alimpije, aliyerithiwa kutoka kwa baba, na baba kutoka kwa babu. Kwenye slava haalikwi mtu. Ukimwalika mtu ni kama umemwambia kwamba yeye si wa kuujua mlango wako. Wa kwako wanajua, wanakuja wenyewe. Mwenye nyumba kazi yake ni kufungua mlango asubuhi, kuwasha mshumaa, na siku nzima kuhudumia amesimama, asikae. Nimelelewa hivyo, Vitomir amelelewa hivyo, na Gorica tumemlea hivyo hivyo. Sasa nani angefikiri kumwalika?

Tairi zilipofika alizikagua kana kwamba ni mayai, akazifunga kwa kamba mbili mbili, akazipeleka kwenye basi la kwenda Slovenia. Dereva, Ljubisav, alishika kiuno.

"Vitomir, hili ni basi au lori?"

"Ni basi. Lingekuwa lori lingekuwa na tairi nzuri zaidi, nimeziona zako."

"Ukinitukana nazitupa mtoni."

"Zitupe, nawe nitakutupa mtoni wewe na basi lako. Weka polepole! Za mwanangu hizo."

Wiki moja baadaye Primož akanitumia picha. Gari limesimama na tairi mpya, Gorica yupo pembeni, kamshika mkono mtoto mdogo. Vitomir aliikuza picha mpaka ikawa ukungu. Niliona anamtafuta Gorica, si tairi, lakini akasema, "Mshale wa mzunguko wa tairi umeelekea sawa. Wamefunga vizuri." Akanirudishia simu. Halafu akaiomba tena.

Kutoka hapo alikuwa mtu mwingine. Alipaka rangi chumba cha zamani cha Gorica. Alinunua samaki mapema, maana slava yetu inaangukia ndani ya mfungo na mezani hapapandi nyama wala maziwa. Aliniuliza watoto wanapenda nini, nikamwambia sijui, akanigombeza kama vile ni kosa langu.

Tarehe tisa ilikuwa imenyesha theluji siku mbili, lakini asubuhi greda ilipita na jua likatoka. Vitomir alikuwa amenyoa, amevaa suti ya harusi yake ambayo haifungi tena. Alifagia theluji uani mwenyewe na magoti yake yale, akaacha nafasi safi ya gari moja, karibu kabisa na mlango. Daktari wa mifugo alipokuja akaegesha pale.

"Toa hapo."

"Fundi, ni dakika mbili, nimekuja kukupongeza kwa mtakatifu wako!"

"Asante, karibu sana, ingia ndani, kula. Lakini toa hapo."

Watu wakaja, ishirini na zaidi, hakuna aliyealikwa. Mkate ukakatwa, mshumaa unawaka, maharage ya kuoka, samaki, pombe kali ya rakija, kelele. Vitomir anazunguka na chupa, anajaza glasi, kila gari likipunguza mwendo pale nje anageuza shingo. Wageni walijua. Mji huu wote ulikuwepo makaburini siku ile. Hakuna aliyeuliza, na kila mmoja alimwachia kiti cha karibu na dirisha, ingawa haruhusiwi kukaa.

Saa saba mchana simu ikalia kwenye mfuko wa aproni yangu. Nilikuwa na sinia la samaki mkono mmoja, mkono mwingine nimeungua, na mjomba mmoja kiziwi ananililia chumvi. Ilikuwa Gorica.

"Shangazi, mko vipi?"

"Tuko kazini! Sema haraka, mwanangu, sinia linaniangukia."

"Nilitaka kukuuliza tu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Baba amesema chochote? Amesema nije?"

Na mimi, na mdomo wangu huu, nikamjibu kwa sauti ili anisikie katika kelele zile: "Nani akualike? Kwenye slava haalikwi mtu! Leo ndio unalisikia?"

Nilitaka kusema: wewe ni wa hapa, unauliza nini, ingia garini uje. Haki ya Mungu ndilo nililotaka kusema. Katika masikio yangu ndivyo lilivyosikika.

"Sawa, shangazi," akasema. "Siku njema."

Nikarudisha simu mfukoni nikapeleka samaki. Vitomir akaniegemea sikioni. "Ni yeye?"

"Ni yeye. Anauliza kama umesema aje."

"Anauliza?" Akacheka kaka yangu, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Kwani yeye mgeni?" Nami nikacheka. Tulisimama pale katikati ya chumba, wazee wawili wajinga, tukacheka. Akili yangu iliniambia kwamba anapiga kutoka Maribor, kwamba labda watakuja wikendi, labda Krismasi. Akili ya Vitomir haikuwa na labda. Alienda kuongeza sahani nne mezani.

Sahani zile zilikaa safi. Wageni wakapungua. Saa kumi alikuwa bado amesimama, mkono mmoja umeshika meza kwa sababu ya magoti. Nikamwambia kaa, wageni wamekwisha, akasema mwenye nyumba hakai mshumaa ukiwaka. Ulipofika mwisho akauzima kwa mvinyo, akavua koti, akalikunja, akaniambia, "Wamechelewa kutoka, bila shaka."

Asubuhi nikampigia Gorica, hakushika. Nikampigia Primož. Kijana yule hajui kusema uongo, na Kiserbia chake ni kidogo, kwa hiyo maneno yake yalikuwa machache na yote niliyaelewa.

"Shangazi, sisi jana tulikuwa Zlatibor."

"Zlatibor wapi?"

"Zlatibor hapo kwenu. Dakika arobaini na tano. Tulitoka kwetu usiku. Watoto walikuwa wamevaa nguo za sikukuu. Gorica akasema simama, nipige simu kwanza. Akapiga, halafu akakaa garini saa nzima. Halafu akasema geuza."

"Kwa nini, mwanangu? Kwa nini?"

Akatafuta maneno. "Alisema, mgeni haalikwi, sawa. Lakini mtu aliyefukuzwa, huyo je? Huyo si lazima aitwe?"

Nilikaa chini sakafuni. Sikuona kiti. Nilikuwa nimejibu mimi, kwa mdomo wangu, na sinia la samaki mkononi.

Ningeweza kumficha Vitomir, na nilifikiria kumficha. Lakini nilikuwa nimeshanyamaza mara moja, makaburini, na mnaona kulikotufikisha. Nikashuka karakana nikamwambia yote, pamoja na neno langu, bila kujitetea. Alisikiliza ameinama juu ya gari la watu.

"Alifika Zlatibor?"

"Alifika."

"Barabara haikuwazuia?"

"Haikuwazuia kitu, Vitomir."

Akanyoosha mkono nikampa simu, akabonyeza spika kama mara ile. Safari hii Gorica alishika.

"Shangazi, sitaki kuongea."

"Ni mimi," akasema. Alikuwa anapumua kama aliyepanda mlima. "Gorica. Njoo."

Akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Njoo nyumbani, mwanangu. Nilikosea siku ile. Nakuita. Njoo."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema nilikosea kwa mtu yeyote, tangu tukiwa watoto. Upande wa pili Gorica alikuwa analia, si kwa nguvu.

"Baba, jana nilikuwa hapo. Niliona greda imefungua njia ya kuja kwenu. Robo saa uliongea nami habari za tairi, nikasema labda mwishoni atasema. Nikasema labda siku yenyewe atasema. Ungesema jana, Baba. Jana ningekuja hata kwa miguu."

"Nasema leo."

"Leo nimeshawaambia watoto kwamba hawana babu."

Akakata. Vitomir hakuishusha simu. Aliendelea kuishikilia sikioni akisema njoo, njoo, mwanangu, njoo, na mteja wake pale nje akapiga honi kuuliza kama gari liko tayari.